Kadi ya Picha Iliyotolewa Kama Ng'ombe

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, huchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu ana kiwanja mlimani juu ya ziwa, kina migomba na choo kilichoinama. Anamletea vipimo, na baada ya siku chache anajiona kwenye skrini akipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, jua likimulika sebule, na hakuna tofali hata moja lililopangwa. Nawajua watu hapa Gisenyi wanaoipenda ile nyumba ya kwenye skrini kuliko ile waliyokuja kuijenga, na siwalaumu. Ya kwenye skrini haivuji.

Kinachofanya kazi hiyo ni kipande kimoja ndani ya kompyuta kiitwacho kadi ya picha. Ni ubao mnene wenye feni zake wenyewe, nao ndio unaochora kila kinachoonekana. Ninafundisha kompyuta shule ya sekondari, kwa hiyo jambo hili nimewaeleza watu wengi, wakaitikia kwa kichwa huku wakiwaza chakula cha mchana. Wewe nakuomba dakika moja tu. Kadi ya picha ina mambo mawili makubwa: mbio zake, na nafasi yake, yaani memori. Mbio ni mpishi, memori ni meza ya jikoni. Mpishi hodari mwenye meza ndogo atakukaangia yai kabla hujaketi, lakini mletee chakula cha harusi nzima uone. Atasimama katikati ya jiko ameshika sufuria, hana pa kuiweka. Ukishika hilo umeshika karibu yote, na umeshawapita ndugu zangu kadhaa.

Kadi ya mpwa wangu ilikuwa ya mitumba. Enzi zake ilikuwa mkubwa wa ukoo wake, na ilikuwa na memori ya jigi kumi na moja. Aibu zake sitazificha: ilikula umeme, ilinguruma, na ilitoa joto kiasi kwamba dada yangu, mama yake binti, alianika soksi nyuma ya mashine wakati wa mvua. Lakini ilibeba kila alichoipa. Na wakati huo binti alikuwa ameipa kazi ambayo ingeweza kumtoa kwenye kuchora mabanda ya kuku na kuta za uzio. Mtu mmoja alitaka kujenga loji kando ya ziwa, na alikuwa akichagua kati ya binti na ofisi moja ya Kigali. Sharti lake lilikuwa moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya kila mwezi, wote tukiwa tumeshamaliza kuzibua mitaro ya mtaa, angekuja kuketi mbele ya skrini, ashike kipanya mwenyewe, na atembee ndani ya loji yake na bustani yake, mti kwa mti. Akiridhika, michoro yote ya ujenzi ingekuwa ya binti.

Ndipo baba yake mkubwa alipopata habari.

Huyu ni kaka wa shemeji yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Mudende. Nampenda, na nitamcheka, na sioni kwa nini nichague moja. Alisikia kwamba binti wa ukoo ana kazi kubwa na kifaa cha zamani, akaona ukoo mzima umevuliwa nguo barabarani.

"Kitu ya zamani?" alimwambia mdogo wake kwenye simu, sauti ikitoka mpaka nje ya sikio. "Mutoto ya kwetu? Mi niko hai?"

Kesho yake alivuka mpaka wa nchi kwenda Goma. Mtu huyu hajawahi kununua ndama bila kumfungua mdomo na kumhesabu meno. Humshika ng'ombe mkia, humbonyeza kiwele, humzungusha, humtukana mwenye ng'ombe ili bei ishuke. Lakini dukani Goma aliuliza swali moja tu, na baadaye alitusimulia kwa fahari.

"Nilimuambia yule kijana: gani njo ya mupya kuliko zote? Akaniletea hii, iko na namba mukubwa mbele. Nikamuambia, bon, funga. Hata usifungue."

Hapo ndipo kosa lilipo, na si lake peke yake. Kwenye jina la kadi, namba ya mbele ni kizazi. Inakuambia ilizaliwa lini. Namba za nyuma ndizo zinazokuambia cheo chake kati ya ndugu zake. Baba mkubwa alikuwa amenunua kitinda mimba wa kizazi kipya, mwenye memori ya jigi sita, kuchukua nafasi ya mkubwa wa kizazi cha zamani mwenye kumi na moja. Namba ya mbele huandikwa kwa herufi za kuonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Jigi huandikwa kwenye kona, chini.

Angekuja nayo kimyakimya mfukoni, tungeirudisha kimyakimya. Lakini aliitoa kama ng'ombe.

Jumapili baada ya kanisa tulijaa kwa dada yangu, sisi wa ndani na majirani wawili watatu. Baba mkubwa alisimama na fimbo yake, akatusalimu salamu ya wenye mifugo, "Amashyo!" nasi tukamjibu "Amashongore!" kama inavyotakiwa, ingawa mifugo ya dada yangu ni paka. Akaeleza ukoo wa kile kitu. Akasema hakili umeme mwingi, hakipigi kelele, hakitoi jasho. Yote hayo yalikuwa kweli, na nataka nilitamke wazi, maana kadi ile haikuwa mbovu. Kisha akamkabidhi binti kwa mikono miwili, shangwe zikapigwa.

Kwetu mtu akikupa ng'ombe, humkagui mbele yake. Unashukuru, na tangu siku hiyo unaapa kwa jina lake, "haki ya aliyenipa ng'ombe." Kusema ng'ombe wake ana kasoro ni karibu sawa na kumtemea mate. Nilisogea, nikasoma ile kona ya chini ya boksi, nikaona sita.

"Shemeji," nikamwambia baba mkubwa, "ningependa kueleza kidogo—"

"Mwalimu, utaeleza kisha kula."

Tukala. Baada ya kula hakuna aliyetaka kuelezwa. Baba mkubwa aliamuru kadi ya zamani itolewe. "Ile muzee ikuje kwangu, iangalie mpira," akasema. Mwanawe aliyeko chuo alikuwa ameacha nyumbani kompyuta kubwa ya mezani, imeunganishwa na televisheni inayoziba nusu ya ukuta. Jioni ile ile nilipandishwa kwenye pikapu hadi Mudende, nikaifunga kadi ya zamani ndani ya kompyuta hiyo, na majirani zake wakatazama mpira kwa kifaa chenye uwezo wa kujenga mji.

Jumatatu mpwa wangu alinipigia simu baada ya vipindi. Nilikwenda. Alifungua kwanza chumba kimoja cha loji: kitanda, taa, dirisha. Kadi mpya ilikichora haraka kuliko ile ya zamani ilivyowahi kukichora, na mwanga ukaanguka vizuri ajabu kwenye shuka. Nilifurahi kwamba labda nimekosea.

"Subiri," binti akasema, akafungua loji yote.

Skrini iliganda. Yakatokea maneno kwamba memori haitoshi, kisha programu ikajifunga. Akajaribu tena, ikajifunga tena. Mpishi alikuwa amesimama na sufuria.

Jumatano alinipokea mlangoni. "Mjomba, nimeng'oa mikaratusi yote."

"Sasa?"

"Sasa inafunguka. Lakini inafanana na kambi ya jeshi."

"Na migomba?"

"Nikitoa maji ya ziwa, migomba inarudi."

"Loji ya kando ya ziwa bila ziwa?"

"Njo maana nakuuliza, mjomba. Mutu akikuja, achague ziwa ao miti?"

Tulicheka, kisha akaacha kucheka kabla yangu. Ile bustani ndiyo ilikuwa hoja yake yote. Alikuwa amekwenda kwenye kiwanja na kamba, akapima kila mti mkubwa, akauweka pale ulipo kweli. Bila miti alikuwa na vyumba tu, na vyumba ofisi ya Kigali pia inavyo.

Tukaita kikao sebuleni. Nilieleza kwa utaratibu, mpishi na meza na yote. Dada yangu alielewa mara moja. Shemeji yangu, baba wa binti, alielewa hata zaidi, maana aliinamisha kichwa.

"Basi tumwambie kaka yako atuazime ile ya zamani siku moja," nikasema.

"Nimuambie kaka yangu ng'ombe yake haitoe maziwa?" akasema shemeji. "We uende, mwalimu. Mi nitabaki hapa nakuombea."

"Tuseme umeme umekatika," dada yangu akapendekeza. "Yule bwana atakuja siku ingine."

"Siku ingine atakuwa na watu wa Kigali, mama," binti akasema.

Nikueleze vizuri tulivyokuwa, kwa sababu ni familia nzuri na nisingependa utudhanie vibaya zaidi ya inavyostahili. Kumdanganya mteja lilikuwa pendekezo la kawaida, limetolewa na mama mcha Mungu akiwa anamenya viazi. Kumwambia mzee wetu ukweli ndilo lililotutoa jasho. Tulikuwa tayari msichana apoteze kazi aliyoihangaikia, kuliko mtu mzima mwenye ng'ombe zizini aambiwe amenunua kitu kidogo.

Aliyetuokoa ni yeye mwenyewe binti. Alichukua simu akaiweka spika tusikie.

"Baba mukubwa, haki ya we uliyenipa ng'ombe," akaanza.

"Sema, mutoto."

"Mugeni wangu ya Jumamosi ni mutu mukubwa. Hapa kwetu televisheni ni ya kuchungulia. Ya kwako inaonekana mpaka barabarani. Mi naomba aione loji kwako, na we njo umupokee."

Tulimsikia akikohoa kwa raha.

"Na kompyuta ya kwangu itaweza?"

"Itajaribu, baba mukubwa."

"Akuje. Nani alikuambia nitakatala? Nitachinja."

Ijumaa tulipanda Mudende na kazi yake yote kwenye diski. Binti aliweka programu, akafungua loji. Kadi ya zamani ilinguruma kama inavyonguruma, chumba kikaanza kupata joto, jambo ambalo kwenye baridi ya Mudende ni zawadi, na bustani ikasimama mbele yetu, mikaratusi, migomba, ziwa na vyote. Baba mkubwa alikuwa nje akisimamia mbuzi. Hakuuliza ni nini kilichokuwa kinanguruma.

Jumamosi mwenye loji alifika moja kwa moja kutoka umuganda, tope kwenye buti za mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa maziwa, akaketi, akashika kipanya kama mtu anayeshika kifaranga. Alipita mapokezi bila kusimama, akapita vyumba. Tulianza kuogopa. Alipotoka bustanini ndipo alipopunguza mwendo. Akageuka, akatazama ziwa kati ya matawi, akarudi nyuma, akasogelea mti mmoja uliolalia ukuta.

"Huu si ule mkaratusi wa upande wa jirani?"

"Njo wenyewe," binti akasema. "Niliupima."

"Kigali waliniwekea mitende." Bado alikuwa anatazama mti. "Kiwanja changu hakina mtende hata mmoja. Mtu hakufika hata kuangalia." Kisha akaweka kipanya chini. "Tuanze lini?"

Dada yangu alitoka nje haraka, tukasikia vigelegele vyake huko uani. Baba mkubwa alisimama. Alikuwa amengoja dakika hiyo wiki nzima.

"Bon, patron, nikuonyeshe siri," akasema. "Mutoto huyu alikuwa na kitu ya zamani, muzee, ya kutupa. Mi njo nilimupa ya mupya. Hii yote umeona, miti na nini, ni ile kitu nilimupa. Iko hapa ndani..."

Mkono wake ulikuwa umeshafika ubavuni mwa kompyuta. Ukasimama hapo. Nilimwona akikumbuka: mpya iko mjini, chumbani kwa binti. Iliyo humu ni ile muzee. Uso wake ukawa wa mtu aliyefungua kinywa cha ng'ombe sokoni na kukuta meno si ya umri aliotajiwa. Binti alitazama sakafu. Mimi nilitazama nyama ya mbuzi mezani.

"Iko ndani?" mwenye loji akauliza.

"Hii njo mama yake," baba mkubwa akasema, akapigapiga kompyuta taratibu. "Ile kijana iko mujini. Inapumzika."

Mgeni alipoondoka, baba mkubwa alinishika mkono akanitoa mpaka kwenye zizi.

"Mwalimu. Eleza sasa."

Nikaeleza. Nilimwacha mpishi, nikatumia ng'ombe, na aliniwahi kabla sijamaliza.

"Kumbe ile kijana inakamuliwa mbio, lakini kiwele ni kama ya mbuzi."

"Ndiyo hivyo, shemeji. Kwa chumba kimoja inatosha na kuzidi. Kwa mpira inatosha na kuzidi. Kwa loji na bustani yake, haina pa kuweka."

"Na kwa boksi hawaandike?"

"Wameandika. Kwenye kona."

"Kona gani?"

"Ya chini. Maandishi madogo."

"Juu ya nini wanaandika madogo? Wanaficha?"

"Wewe ukiwa na ng'ombe mwenye kwato mbaya, sokoni unamsimamisha wapi?"

Alifikiri. "Kwa nyasi ndefu." Akacheka kidogo, bila kupenda. "Unanitukana, shemeji." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mudogo yangu anajua?"

"Anajua."

"Bibi yake, dada yako?"

"Wanajua wote. Tangu Jumatano."

"Na ile Jumapili mulipiga mikono."

"Jumapili ni mimi peke yangu niliyejua. Nilipiga."

Aliegemea mti wa zizi. Ng'ombe mmoja alimnusa bega naye hakumsukuma.

"Donc, kumbe mungeacha mutoto apoteze kazi," akasema. "Juu yangu. Mi niko mutu ya kuogopwa hivi?"

Mimi, mwenye majibu ya maswali mengi, nikaanza kumsifia ng'ombe wake.

Jumapili iliyofuata tulikusanyika tena kwa dada yangu. Ilikuwa siku ya kumshukuru mtoa ng'ombe, na pombe ya ndizi ilikuwa imeshanunuliwa, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuiahirisha eti kwa sababu ng'ombe mwenyewe amekataa kazi. Baba mkubwa alikuja na kitu amekipakata kama ndama wa siku moja, kimefungwa kwenye blanketi nene la sufi. Alikuwa ameing'oa kadi ya zamani mwenyewe, bila kuniita.

Alisimama. Akasema anatoa ng'ombe wa pili. Akataja ukoo wake, na safari hii alitaja pia jigi zake kumi na moja, kwa sauti ya mtu aliyezijua tangu utoto. Na yule kijana, akasema, atarudi naye Mudende akaangalie mpira. Mpwa wangu alipiga magoti akashukuru kwa kupewa kadi yake mwenyewe. Sisi wote tukapiga makofi.

Jirani mmoja, mama asiyejua lolote, akauliza, "Na hii njo mupya zaidi?"

Shemeji yangu alishika glasi yake kwa mikono miwili.

"Hapana," baba mkubwa akasema. "Hii njo ya zamani. Iko na nafasi. Mi nilikosea." Akatutazama mmoja mmoja. "Na siku ingine mutu akikosea, mumuambie. Hata mi. Munasikia?"

Tukaitikia kwa vichwa wote kwa pamoja, tukapiga makofi tena, kwa nguvu ile ile, kwa sababu aliyesema ni yeye.

Mpwa wangu hakupiga. Alikuwa anafungua blanketi.

"Baba mukubwa," akasema, "basi nikuambie moja. Hii kitu haifungwe na blanketi ya sufi. Ungeiua njiani."

Dada yangu alimkanyaga binti mguu, nikaona kabisa. Baba mkubwa alitazama blanketi, blanketi zuri, la wageni. Akamtazama binti.

"Juu ya nini?"

Nilifungua mdomo. Akaninyoshea fimbo bila kunitazama, nikaufunga.

"Yeye," akasema, akavuta kiti, akaketi mbele ya binti. "Eleza, mutoto."

Binti akaanza kueleza jinsi sufi ikisuguliwa inavyozaa umeme mdogo unaoweza kuua kadi.

"Ngoja," akamkatiza katikati. "Rudia hapo kwa umeme ya nguo. Sijashika."

Akarudia.